Deni, Mzigo na Utulivu: Msamaha wa Kikristo katika Simulizi ya Swema

Miongoni mwa simulizi za watu waliopitia utumwa katika pwani ya Afrika Mashariki, simulizi ya Swema ina nafasi ya pekee. Swema alikuwa binti wa Kiyao aliyeuzwa akiwa bado mtoto, akapelekwa kwa miguu hadi Kilwa, akavushwa kwa jahazi hadi Unguja, akazikwa angali hai kwa kuwa hakuonekana tena kuwa na faida sokoni, akatolewa kaburini na mpita njia, kisha akalelewa katika misheni ya Kikatoliki mjini humo. Habari zake ziliandikwa na Padri Anton Horner wa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1870 zikachapishwa Paris na Monsinyori Gaume katika kitabu cha Kifaransa ambacho jina lake lenyewe lilimtaja kuwa kijakazi mdogo wa Kiafrika aliyezikwa akiwa hai. Tabaruku ya kitabu hicho ilielekezwa kwa wasichana Wakristo wa dunia ya kale na dunia mpya. Mwaka 1983 mwanahistoria Edward Alpers aliirejesha simulizi hiyo mbele ya watafiti kwa tafsiri ya Kiingereza na ufafanuzi wake, katika mkusanyo wa makala kuhusu wanawake na utumwa barani Afrika uliohaririwa na Claire Robertson na Martin Klein.

Kumekuwa na njia mbili kuu za kuisoma matini hii. Ya kwanza ni ya kiibada: mtoto aliteseka, Mungu akamwokoa, naye akasamehe. Ya pili ni ya kihistoria na kiutetezi: padri alihitaji fedha na huruma ya waumini wa Ulaya, hivyo akaandika habari itakayowatoa machozi. Kila njia ina ushahidi wake, lakini zote mbili zinakutana katika kosa moja, nalo ni kudhani kwamba amani anayoipata Swema ni zao la misheni peke yake, ama kama neema ama kama propaganda. Hoja inayojengwa hapa ni tofauti. Tendo la msamaha ambalo ndilo upeo wa simulizi hii lina kielelezo chake ndani ya simulizi yenyewe, kabla misheni haijatajwa, na kielelezo hicho ni mama yake Swema. Imani ya Kikristo ilimpa msichana huyu lugha, mahali na muda wa kulitenda upya jambo ambalo alikwisha kuliona likitendwa njiani, na mwanamke ambaye hakuwa amesikia Injili.

Kalamu ya padri na kumbukumbu ya mtoto

Suala la sauti haliwezi kurukwa. Swema hakuandika. Aliyeandika ni mtu mzima, mwanamume, Mzungu, kiongozi wa misheni, naye aliwaandikia wasomaji ambao hawakuwahi kuuona mti wa mbuyu wala kuonja ugali wa mtama. Misheni ya Unguja ilikuwa na umri wa miaka michache tu. Ilianzishwa mwaka 1860 na mapadri na masista kutoka kisiwa cha Réunion, ikakabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1863, na mwaka 1868 ikafungua kituo Bagamoyo. Taasisi changa ya namna hiyo huishi kwa barua zinazotumwa kwa wafadhili, na simulizi ya Swema ni sehemu ya utamaduni huo wa barua.

Hata hivyo, si kila sentensi katika matini ya namna hii ina uzito uleule wa kalamu. Mahali padri anapozungumza hujulikana kwa ujumla wake: hapo hutajwa neema, giza, nuru, upotevu na wokovu. Mahali mtoto anapokumbuka hujulikana kwa udogo wa mambo yake: nafaka iliyokopwa, nguo iliyolipwa, pembe iliyobebwa, chakula kilichonyimwa. Mwandishi wa kuchangisha fedha hana haja ya kueleza kwamba balaa yote ilianza kwa mkopo wa nafaka baina ya majirani. Habari hiyo hata inamharibia kazi, kwa sababu inaonyesha kwamba mtu wa kwanza kumgeuza Swema kuwa mali hakuwa mgeni kutoka pwani. Jambo linaloisumbua hoja ya mwandishi na bado likabaki katika matini ndilo lenye dalili kubwa zaidi ya kuwa limetoka kwa msimulizi. Kigezo hiki si kikamilifu, lakini ni bora kuliko kuikubali matini yote kwa unyenyekevu au kuitupa yote kwa hasira.

Kwa kigezo hichohicho, tukio la kuzikwa linahitaji kutazamwa kwa tahadhari. Ndilo lililowekwa katika jina la kitabu, na ni rahisi kuona sababu. Kwa msomaji Mkristo, mtu anayetoka kaburini akiwa hai ni picha ya ubatizo kama Mtume Paulo anavyoueleza katika sura ya 6 ya Waraka kwa Warumi, yaani kuzikwa pamoja na Kristo na kufufuka pamoja naye. Mchapishaji aliona ishara iliyokuwa tayari mkononi mwake. Lakini msuko wa simulizi haumfuati. Swema anatoka kaburini na amani haipo. Anatibiwa, anakula, anapata nguvu, anajifunza sala, na chuki yake dhidi ya waliomwua mama yake inabaki palepale. Mwili umefufuka kabla ya moyo. Kama simulizi hii ingekuwa propaganda tupu, ingeweza kuishia kaburini, kwa kuwa hapo ndipo penye mshangao mkubwa kuliko pote.

Deni

Mwanzo wa simulizi ni mfululizo wa hasara. Baba anakufa, ndugu wanakufa, mama na binti wanabaki wawili. Mama anakopa nafaka ili waishi na kupanda tena, mavuno yanakataa, na mdai anadai. Msafara wa wafanyabiashara unapopita, mdai anamchukua mtoto na kumuuza kwa nguo. Katika biashara ya bara ya wakati huo, nguo ya pamba iliyoitwa merikani ilitumika kama fedha. Mtoto aliyewekwa katika mizani na kitambaa alikuwa, kwa lugha ya sheria na desturi, rehani iliyopotea.

Wasomaji wa Kifaransa walilisoma tukio hili kama ukatili. Msomaji wa Kiswahili analisoma pia kama msamiati. Kiswahili kina methali inayosema kwamba dawa ya deni ni kulipa, na methali hiyo haimpi mdaiwa mlango wa pili. Kitenzi komboa, kabla hakijawa neno la siasa au la dini, kilikuwa na maana ya kukitoa kitu rehani kwa kukilipia. Kitenzi hichohicho ndicho kilichotumika kwa kumnunua mtumwa ili aachwe huru, jambo ambalo wamisionari wa Unguja walilifanya katika soko la watumwa kabla soko hilo halijafungwa mwaka 1873. Na ndicho kinachobeba jina la Kristo katika lugha hii, Mkombozi. Katika Kifaransa cha Gaume maana hizi zinakaribiana, lakini katika Kiswahili zinakaa katika kitenzi kimoja ambacho mkopaji wa mtama, mnunuzi wa sokoni na mwimbaji wa kanisani wote wanakitumia bila kubadilisha herufi.

Kuna zaidi. Katika tafsiri ya Biblia ya Kiswahili inayojulikana kama Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, Sala ya Bwana katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo inalitumia neno deni pale ambapo Wakatoliki katika sala ya kila siku wamezoea kusema makosa. Tafsiri hiyo ilikuja muda mrefu baada ya Swema, na haidaiwi hapa kwamba aliisikia sala kwa maneno hayo. Kinachodaiwa ni kwamba msomaji wa Kiswahili wa leo ana njia ya kuifikia simulizi hii ambayo wasomaji wake wa kwanza hawakuwa nayo. Kwake, msichana aliyeuzwa kwa sababu ya deni, anayeombwa na dini yake mpya kuwasamehe wadeni wake, si mtu anayeombwa kitu cha mbali. Anaombwa afanye lile ambalo jirani wa mama yake alikataa kulifanya kwa ajili ya nafaka.

Hapo ndipo msamaha unapopata ugumu wake halisi katika matini hii. Swema anajua bei ya kila kitu. Anajua deni likidaiwa hadi mwisho linazaa nini.

Mama njiani

Mama hakuuzwa. Jambo hili limetajwa na karibu kila aliyeichambua simulizi, lakini halijapewa uzito unaostahili katika uhakiki wa kidini. Mdai aliridhika na mtoto. Mama ndiye aliyewaomba wenye msafara wampokee, akaahidi kubeba mzigo, ili tu asitenganishwe na binti yake. Alipewa pembe ya ndovu. Akatembea nayo hadi nguvu zilipomwisha, na alipokuwa hawezi tena kufuatana na msafara akaachwa njiani afe. Swema alimng'ang'ania, akapigwa, akaburutwa.

Mkristo yeyote aliyesoma sura ya 2 ya Waraka kwa Wafilipi atalitambua umbo la tendo hili. Mtu huru anajifanya mtumwa kwa hiari, kwa ajili ya kumpenda mwingine, na anafika hadi kufa. Wahakiki wa kiibada wametafuta mfano wa Kristo katika misheni, kwa mapadri na masista. Matini imeuweka kwingine. Anayeujaza mfano huo hakubatizwa, hakufundishwa, na hakupewa hata jina ambalo wasomaji wangelikumbuka. Simulizi iliyokusudiwa kuonyesha kile ambacho Ukristo uliwaletea Waafrika inaonyesha, bila kukusudia, upendo wa kimasihi uliokwisha kuwapo barabarani kabla wamisionari hawajafika.

Pembe nayo inastahili neno. Pembe za Unguja ziliuzwa Ulaya na Marekani, na sehemu kubwa ya zile zilizokwenda Marekani iliishia katika viwanda vya Connecticut, zikawa vibao vya piano. Merikani nayo ilifumwa Massachusetts. Kitabu cha mwaka 1870 kilitabarukiwa wasichana wa dunia ya kale na dunia mpya, na si ajabu kwamba baadhi ya vidole vilivyokifungua vilikuwa vimetoka kucheza juu ya meno ya ndovu. Matini haisemi hivyo, wala haikuweza kusema. Lakini mhakiki anayeusoma mzigo wa mama kama ishara tu ya mateso ya roho atakuwa ameusahau mzigo wenyewe, uzito wake na mwisho wa safari yake. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wasomaji wa Gaume walililia kanda hilo kwa dhati, na bado hawakujua lina nini ndani.

Kitandani pa adui

Upeo wa simulizi ni tukio lililotokea misheni. Mwarabu aliyejeruhiwa katika mapambano na Waingereza analetwa ili atibiwe. Swema, ambaye sasa anawasaidia masista kuwahudumia wagonjwa, anamtambua. Ni mtu wa msafara ule, aliyehusika na kifo cha mama yake. Mwili wa msichana unajibu kabla ya akili: hasira, kutetemeka, tamaa ya kulipiza kisasi. Sista anamwelekeza kwenye sala. Baada ya mapambano ya ndani anamsamehe, anamhudumia na kumwombea.

Tukio hili limejengwa juu ya kiunzi cha mfano wa Msamaria Mwema katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, lakini viungo vyake vimebadilishwa mahali, na mabadiliko hayo ndiyo yanayolipa nguvu. Katika Injili kuna mtu mmoja aliyeachwa njiani nusu mfu, wanyang'anyi waliotoweka, na mpita njia anayemhudumia. Katika simulizi hii kuna waliotupwa wawili. Mmoja ni mama, na kwake hakuna Msamaria aliyepita. Wa pili ni Swema, na kwake alipita mmoja. Kisha nafasi zinageuka: mnyang'anyi mwenyewe analala akiwa majeruhi, na aliyetupwa ndiye anayeshika kitambaa cha kufungia vidonda. Injili haimwambii msomaji nini kifanyike iwapo anayelala kando ya njia ni mmoja wa wanyang'anyi. Simulizi ya Swema inaliuliza swali hilo.

Pingamizi kubwa dhidi ya tukio hili ni la kimaadili, nalo halipaswi kupunguzwa. Judith Herman, katika kazi yake ya mwaka 1992 kuhusu kiwewe na kupona, anaonya kwamba matumaini ya kupona kwa njia ya msamaha yanaweza kuwa mzigo mwingine kwa aliyeumizwa, na kwamba msamaha wa kweli hauwezi kutolewa mpaka mkosaji autafute kwa kuungama, kutubu na kurudisha alichoharibu. Majeruhi katika simulizi hii hajafanya lolote kati ya hayo. Ameletwa kwa sababu anavuja damu. Tena anayemwelekeza Swema ni sista, na Swema ni mtoto anayekula chakula cha misheni na kulala chini ya paa lake. Je, angeweza kukataa? Utafiti wa Paul Kollman wa mwaka 2005 kuhusu uinjilishaji wa watumwa katika misheni za Shirika la Roho Mtakatifu umeonyesha wazi kwamba malezi ya misheni yalikuwa na nidhamu kali ya kazi, ratiba na utii, na kwamba baadhi ya waliokombolewa walitoroka. Msamaha unaotolewa katika mazingira hayo hauwezi kupimwa bila kuyataja.

Lakini pingamizi hili likifuatwa hadi mwisho linamwacha Swema akiwa amenyang'anywa kwa mara nyingine. Aliuzwa bila kuulizwa, alizikwa bila kuulizwa, na sasa hata msamaha wake utakuwa si wake, umekuwa wa sista. Matini inatoa ushahidi wa kuzuia hitimisho hilo, na ushahidi wenyewe umo katika ucheleweshaji. Swema hasamehi mara moja. Simulizi ya kuchangisha fedha ingenufaika na mtoto anayesamehe papo hapo, kwa machozi matamu. Hapa kuna muda kati ya kumtambua mtu na kumgusa, na katika muda huo yule mama anarudi. Chuki inayomtetemesha msichana ni namna ya uaminifu kwa aliyekufa. Kumsamehe aliyemwacha mama njiani kunaweza kuonekana kama kumwacha mama njiani mara ya pili. Hilo ndilo fundo la tukio, na hakuna mahubiri yanayolifungua kwa haraka.

Kinacholifungua, kwa mujibu wa usomaji huu, ni ufanano wa matendo mawili. Mama aliuchukua mzigo usiokuwa wake, wa watu waliokuwa wakimdhulumu, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyomwezesha kubaki karibu na anayempenda. Swema anauchukua mwili wa mtu aliyemdhulumu, mwili ambao si wajibu wake, na kwa tendo hilo anabaki karibu na mama kuliko kisasi kingalivyomweka. Kisasi kingemfanya afanane na mdai aliyedai hadi mwisho. Huduma inamfanya afanane na aliyebeba pembe. Sista alimpa sala. Umbo la kitendo alilipata kwa mama yake.

Utulivu

Istilahi ya ukuaji baada ya kiwewe iliingia katika saikolojia katika miaka ya 1990 kupitia kazi za Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, ambao kipimo chao cha mwaka 1996 kinahusisha, pamoja na mambo mengine, mabadiliko ya kiroho, uhusiano na watu, na hisia ya nguvu za ndani. Ni rahisi kumpangia Swema alama katika vipengele hivyo, na zoezi hilo lina manufaa madogo. Watafiti hao wenyewe walisisitiza kwamba ukuaji hautokani na mateso bali na mapambano ya mtu baada ya mateso, tena kwamba huzuni na ukuaji huweza kuishi pamoja. Tofauti hiyo ni muhimu kwa uhakiki wa maandishi ya Kikristo ya eneo hili, ambayo mara nyingi yanasomwa kana kwamba yanayashukuru mateso yenyewe.

Simulizi nyingine za aina hii zinasaidia kuona tofauti. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyochapishwa mwaka 1934, inasimulia mateso ya kizazi kilichotangulia na makazi ya Freretown karibu na Mombasa, na amani yake ni ya jumuiya: makao, kanisa, shukrani kwa waliowakomboa. Wahakiki wameilaumu kwa shukrani hiyo, na lawama hiyo ina haki kwa kiasi kikubwa, ingawa mara nyingine inasahau kwamba mtoto wa mtu aliyewahi kuuzwa ana sababu zake za kuipenda nyumba isiyouzwa. Tawasifu ya Petro Kilekwa ya mwaka 1937 inaeleza jinsi mtoto wa Kibisa aliyeokolewa baharini na manowari ya Kiingereza alivyosomeshwa Kiungani na hatimaye kuwa padri wa Kianglikana. Jina la kitabu hicho lenyewe ni ngazi, kutoka mtumwa hadi padri, na ukuaji ndani yake unapimwa kwa vyeo na kazi. Habari fupi za vijana wa Kiungani zilizotolewa na A. C. Madan mwaka 1887 zimekaa zaidi kwenye makwao, kutekwa na safari. Katika zote hizo, uhuru ndio unaoleta amani. Kwa Swema uhuru unakuja kwanza na amani inachelewa, na kati ya hivyo viwili yupo mtu ambaye hawezi kurudishwa.

Kiswahili kinalitaja jambo hili kwa usahihi. Neno utulivu linahusiana na kitenzi tua, ambacho kwanza ni kuteremsha mzigo kutoka kichwani au begani. Mpagazi hutua. Jahazi hutua tanga. Ndege hutua. Aliyetulia, kwa asili ya neno, si mtu asiyewahi kubeba kitu, wala si mtu aliyesahau alichobeba, bali ni mtu ambaye mzigo wake upo chini, unaonekana, na shingo yake imepata kupumzika. Kwa maana hii amani ya Swema ni utulivu hasa. Baada ya tukio la kitandani mama yake bado amekufa, na njia ya Kilwa bado inapitwa na misafara. Mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini ulitiwa saini mwaka 1873, miaka mitatu baada ya kitabu kutoka. Kilichobadilika ni kwamba msichana anaweza kusimama karibu na mtu yule bila kubeba kifo cha mama yake kama deni la kudai.

Mama alitembea na pembe na hakupata mahali pa kuitua. Alidondoka nayo, au ilichukuliwa na wengine alipodondoka. Msichana alipata kaburi akatoka. Mama hakuchimbiwa. Kwa mfasiri wa Kiswahili anayekutana na matini hii, mambo hayo yanaleta uamuzi wa kiufundi ambao hautaonekana mdogo akiufikiria. Pale Kifaransa kinaposema moyo wa Swema ulipata amani baada ya sala, anaweza kuandika amani, neno zuri la Kiarabu na la kanisani, ambalo halitamkwaza mtu. Au anaweza kuandika kwamba alitua, na kumwacha msomaji akumbuke nani katika habari hii alikuwa amebeba nini, na wapi aliachwa.